Fundi Waya na Mguu wa Jumamosi

Saa tatu asubuhi, Fundi Waya amelala chali chini ya mashine ya kuchonga miguu ya bandia, tochi mdomoni, akipapasa tundu la waya. Pembeni, kwenye benchi, mwalimu mstaafu mwenye mguu mmoja anamsimamia kama mtahiniwa.

"Mwanangu, Jumamosi namwoza binti yangu," anamkumbusha kwa mara ya nne. "Nimemwahidi nitaingia ukumbini kwa miguu miwili."

"Utaingia, Mwalimu. Niache tu nihangaike na hili dude."

Jina la utani limemganda mwanamke huyu, ingawa siku hizi kazi yake ni kuwaondolea watu waya, kuunganisha mashine zao kwa mtandao wa hewani. Ameifanya kwa miaka kumi na mmoja na huhudumia karakana sita za miguu ya bandia, hii ikiwamo. Alianzia dukani kwa mjomba wake, akifungua simu mbovu ambazo, anakiri, nyingine zilizidi kuharibika.

Mashine hii ni kongwe, haijui mtandao wa hewani. Michoro yake huchorwa na mtaalamu wa mji mwingine, na miaka yote imesafiri kwa basi siku mbili, ndani ya flashi mfukoni mwa dereva. Moja iliwahi kufuliwa pamoja na suruali. Mchoro wa mwalimu usipofika leo, mguu hautawahi Jumamosi.

Dawa yake ni adapta, kiboksi kinachoenea kiganjani na kuipokelea mashine mtandao wa hewani. Fundi anakichomeka kwanza kwenye laptopu, anakichagulia mtandao wa ndani wa karakana, anakipa nywila na namba ya anwani, kisha anakihamishia kwenye mashine. Kutoka mtandao wa umma anafungua njia moja tu, ya kompyuta ya mtaalamu.

"Mgeni anaishia sebuleni," anasema. "Chumbani kuna mafaili ya wagonjwa."

Mchoro unaanza kuingia. Unakwama katikati. Anaanza upya, unakwama tena. Mwalimu anainama kuitazama taa ya kiboksi.

"Fundi," anasema mwalimu taratibu, "karani pale mezani akichapa risiti tu, taa ya kiboksi chako inazimika."

"Jamani, msinitolee macho," karani anajitetea. "Mimi nachapa tu!"

Fundi anajipiga paji la uso. Printa ile aliifunga mwenyewe mwaka jana, akaipa namba ya anwani ileile aliyokipa kiboksi leo. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Nimepangisha chumba kimoja kwa watu wawili!" anacheka hadi anakaa sakafuni.

Anabadili tarakimu moja. Mchoro unaingia wote, mashine inanguruma, vumbi jeupe linaruka. Karani anapiga vigelegele. Mwalimu analia mbele ya watu wala hajifichi.

Kabla ya mwaka kwisha, Fundi Waya anataka karakana tano zilizobaki nazo ziunganishwe. "Mtu asisubiri basi ndipo aanze kutembea," anasema. "Ila Jumamosi sishiki kazi ya mtu. Naenda arusini kuangalia."

"Kuangalia nini?" mwalimu anamkatiza, akipangusa macho. "Wimbo wa kwanza unacheza na mimi."