Aliyeshika Mwisho wa Wimbo

Siku ya harusi kule Dallas, baba yangu aliweka sahani ya biriani chini na hakuigusa tena. Wanawake walikuwa wamefika kwenye ule wimbo ambao kwetu Mombasa bibi harusi hatolewi bila kuimbiwa, wimbo wa kundi la taarab ambalo baba alikuwa akilipigia kinanda ujanani. Ulipokwisha, mwanamke mmoja wa meza ya mbele, mkazi wa DeSoto, kitongoji cha pale pale Dallas, aliomba maikrofoni. Akasema kwa upole kabisa, "Naomba tumwombee rehema marehemu baba yangu. Mwisho wa wimbo huu aliutunga yeye."

Watu wakaitikia amina na kuendelea kula. Baba hakuitikia. Tulipoingia garini kurudi nyumbani Stafford, karibu na Houston, safari ya saa nne na ushei, hakufungua kinywa mpaka Dallas yote ikabaki nyuma.

"Nitafutie ile filamu," alisema.

"Filamu gani, baba?"

"Ile ya Kihindi. Nataka huyo mtoto aisikie kwa masikio yake mwenyewe. Baba yake hakutunga kitu."

Habari yenyewe nilikuwa nimeisikia tangu niko mdogo, lakini kwa vipande vipande. Njia ile ndefu ilinipa nafasi ya kuuliza, na mimi kwa kuuliza sijambo. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akiniita mpekuzi.

Zamani zile vijana wa taarab walikuwa wakichota mahadhi sinema. Wimbo wa filamu ukipendeza, wanauvua maneno ya Kihindi, wanauvisha shairi la Kiswahili, na wiki ya pili watu wanauchezea harusini. Hakuna aliyeona haya. Kazi ilikuwa kuushika. Kinasa sauti hawakuwa nacho, na filamu nyingine zilionyeshwa siku moja tu, kisha mikanda ikapelekwa mji mwingine. Kwa hiyo walikwenda wawili wawili: mmoja ashike mwanzo wa wimbo, mwenzake ashike mwisho.

Baba alishika mwanzo. Rafiki yake mpiga fidla, baba wa yule mwanamke wa DeSoto, alishika mwisho. Nusu ya baba ikiisha, aliziba masikio kwa vidole na kukaza macho kwenye pazia, asije akachanganya. Wakitoka, walitembea mpaka nyumbani bila kusema neno, na hata njiani hawakuitikia salamu ya mtu, kwa kuogopa mahadhi yasidondoke. Mtaa mzima uliwaona wana majivuno. Wakifika, mmoja anakaa kwenye kinanda, mwingine anatoa fidla, na nusu mbili zinaunganishwa.

"Na watu wakiwasalimu hamwitikii? Hata wazee?" niliuliza.

"Hata wazee. Bibi yako alinipiga kofi kwa sababu hiyo."

Wimbo ule waliuchota hivyo, katika onyesho la saa tisa alasiri, baba akiwa na miaka kumi na minane. Ukapendwa kuliko nyimbo zao zote, na kilichopendwa hasa ni mwisho wake. Miaka ikapita. Siku moja harusini, watu wakimsifu, mpiga fidla akasema, "Mwanzo ni wa Wahindi, lakini mwisho ni wangu." Baba akachukua maikrofoni. Akamwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mwizi anayejisifu kwa mali ya wizi, na shahidi ni yeye baba, aliyekwenda naye sinema. Watu wakacheka. Mpiga fidla akarudisha fidla yake sandukuni, akatoka, na hakuipiga tena maisha yake. Hawakusemezana mpaka alipofariki. Baba alikwenda mazikoni, akasimama safu ya nyuma.

Basi nikaanza kutafuta, na nakiri kwamba mwanzoni nilifanya kwa raha zangu. Mtu mzima na akili zangu, kila jioni nakaa na baba kwenye kochi nikimchezea nyimbo za zamani za Kihindi kwenye simu, naye anatoa hukumu. "Siyo." Ijayo. "Siyo." Alikumbuka mambo matatu: filamu haikuwa na rangi na ilikuwa kuukuu, imejaa mikwaruzo; mwanamke alibeba mtungi kichwani; na wanawake wenzake walizunguka duara huku wakipiga makofi. Jumapili moja nilimpeleka Houston, kwenye maduka ya Wahindi ya Hillcroft, nikawa nawaimbia wenye maduka mmoja mmoja. Muuza vitambaa alitikisa kichwa. Muuza halua alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kipande bure, naye akatikisa kichwa. Baba alisema ninaimba vibaya, ndiyo maana.

Nilikuwa nimeanza kukata tamaa pale jibu liliponijia kazini. Ninafanya kazi kwenye kituo cha kusafishia damu wagonjwa wa figo. Mgonjwa anakaa kitini saa nne, mara tatu kwa wiki, damu yake ikipita kwenye mashine, na katika saa hizo nne mtu atazungumza tu hata kama ni bubu wa kujitakia. Kiti cha dirishani ni cha mzee mmoja kutoka India, aliyenizoea sana. Asubuhi moja nilikuwa nambandika plasta juu ya sindano, huku naimba puani wimbo wa baba bila habari. Nilipofika katikati nikamsikia mzee anaupokea. Tukaenda pamoja hatua chache, kisha sauti yangu ikapanda na yake ikashuka.

Mzee akainua kidole.

"Mwanzo umepata," aliniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Mwisho umeharibu. Umeutoa wapi?"

"Mombasa," nilisema. "Ni wimbo wa filamu ya Kihindi."

"Si ya Kihindi hata kidogo. Ni ya Kigujarati. Mama yangu alikuwa akiuimba akichota maji."

Nilivuta kigoda nikaketi, jambo ambalo msimamizi wetu halipendi. Mzee akanieleza kitu ambacho mimi, mtoto wa mji uliojaa sinema za Wahindi, sikuwahi kujiuliza. Sisi kila filamu iliyotoka India tuliiita ya Kihindi, na tukamaliza. Kumbe zamani kila upande ulikuwa na filamu zake na lugha yake: Kalkuta walitengeneza za Kibengali, Kolhapur na Pune za Kimarathi, Madras za Kitamil na Kitelugu, Lahore za Kipunjabi. Watu wake nao walitengeneza zao, chache, na wenzao waliokuwa Afrika ya Mashariki wakiletewa moja walikodi ukumbi kwa siku moja wakaangalia kwao huku wanalia.

"Na nyimbo za Bombay, zile kubwa?" niliuliza.

"Unadhani zilitoka wapi? Bombay ilikuwa jiko. Mbengali alikuja na wimbo wa mtoni kwao, Mpunjabi akaja na ngoma yake, Mgoa akaja na fidla aliyofundishwa kanisani. Kila mtu alitia kitu chungu kimoja, kikaitwa Kihindi." Akanitazama kwa jicho la utani. "Na nyinyi mkaja na kijiko chenu."

Siku hiyo nilirudi nyumbani kichwa kinanizunguka kwa furaha. Nilijiona nimegundua nchi. Wimbo wa akina mama wa kisimani, ukaingia kwenye filamu ya mkoani, ukavuka bahari, ukavishwa Kiswahili, na sasa unaimbwa kwenye ukumbi wa kukodi Dallas! Mpaka nilipokuwa napika wali ndipo nikakumbuka nusu ya pili ya habari. Mzee alishuka mahali tunapopanda.

Baada ya wiki mbili alikuja na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na redio ndogo ya kaseti na kaseti ya marehemu mke wake yenye nyimbo za filamu ile, imeandikwa kwa herufi nisizozijua. Nilipomaliza zamu nikakaa garini, madirisha nimefunga, nikabonyeza.

Mwanzo ulikuwa ule ule, hatua kwa hatua. Baba hakukosea hata pumzi. Kisha makofi, kisha sauti ya mwimbaji ikashuka ngazi mbili tatu, na wimbo ukaisha mapema, kwa adabu, kama mtu anayeaga mlangoni. Nikarudisha. Nikasikiliza tena. Kule kupanda kwetu, pale wimbo unaposita juu kabisa na wanawake wananyanyua mikono, hakukuwamo. Hakukuwamo hata kwa mbali.

Nilifurahi kwa kulifumbua fumbo, halafu nikaogopa. Siku tatu nilitembea na kaseti ile kwenye mkoba, chini ya chakula changu cha mchana. Kila jioni baba aliuliza, "Umepata?" na mimi nikajibu, "Bado, baba." Ningeweza kuirudisha kwa mwenyewe na mambo yakaishia hapo. Lakini nilimfikiria yule mwanamke na maikrofoni yake, jinsi alivyosema kwa upole, upole wa mtu aliyezoea kutosadikiwa. Siku ya nne nikaiweka redio mezani mbele ya baba.

"Nimepata," nilimwambia. "Lakini sikiliza mpaka mwisho."

Alisikiliza na kidevu juu, akitikisa kichwa kwa ushindi. "Si nilikwambia? Si hiyo?" Wimbo ulipofika katikati, vidole vyake vikapanda vyenyewe vikaziba masikio. Sidhani kama alijua anachofanya. Nilimshika mikono nikaishusha taratibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake baba yangu akasikia jinsi wimbo ule ulivyoisha.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. Mara ya tatu hakusema rudisha tena. Alikuwa anaangalia zulia.

"Alilala," alisema.

"Nani alilala?"

"Alikuwa ametoka zamu ya usiku bandarini. Nilimwona anasinzia hata kabla taa hazijazimwa, nikamfinya. Nikadhani ameamka." Alipangusa uso kwa kiganja. "Tulitembea kutoka sinema mpaka nyumbani, hatusemezani. Mimi nalinda nusu yangu. Kumbe mwenzangu hana kitu, anatunga. Njia nzima anatunga."

"Kwa nini hakusema siku ile ile?"

"Angesema amelala, tungemtoa kwenye kundi. Kisha alipokuja kusema..." Hakumaliza. Nilijua alichofanya aliposema, na yeye alijua kwamba najua. Niliona uchungu mkubwa, nikaenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Nilirudi nikamwuliza kama nimpigie simu yule mwanamke, azungumze naye. Akasema habari hii haisemwi kwa simu. Basi nikapiga mimi, nikamwambia tu kwamba baba anataka kuja kumwona Jumamosi.

"Kama ni ule wimbo, dada, mwambie sita-apologize," alisema. "Baba alikuwa na haki yake. Nyumbani kwetu hiyo fidla ilikaa juu ya kabati mpaka nyuzi zikakatika, na sisi watoto tunaambiwa tusiiguse. Akija kunigombeza, aje."

"Mimi nitakuwepo," nilimwambia. Sikuwa na ruhusa ya kusema zaidi.

Jumamosi tulitoka asubuhi. Baba alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake iliyodariziwa vizuri, akakaa mbele, mikono juu ya mkongojo. Nilimzungumzisha habari za mvua, za foleni, za mzee wa kiti cha dirishani. Hakujibu. Nilidhani amekasirika, au amebadili nia. Tuliposimama kutia mafuta nusu ya njia, Mzungu mmoja mwenye kofia pana alimsalimu kwa uchangamfu wote wa watu wa huku, na baba akampita bila kumtazama. Uso uliniiva kwa aibu.

"Baba, mtu anakusalimu!"

Akaniwekea kidole mdomoni. Tuliporudi barabarani nikamtazama kwa pembeni, nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa akihesabu kwa vidole juu ya mkongojo, polepole, akifika mahali anarudi nyuma anaanza tena. Nikazima redio ya gari. Kuanzia hapo hata mimi sikusema neno mpaka DeSoto.

Mwanamke alifungua mlango kabla hatujagonga. Alikuwa amejifunga leso na kujikaza, uso wa mtu aliyejiandaa kwa ugomvi, lakini malezi ni malezi. Aliinama kidogo.

"Shikamoo, baba."

Baba hakuitikia. Nikauona uso wa yule dada unavyobadilika, nikataka kusema kitu, nikajizuia. Baba aliegemeza mkongojo ukutani, akasimama wima juu ya zulia la mlangoni, akaimba. Hakuimba maneno, mahadhi tu, na hakuanzia mwanzo. Alianzia pale yule mwimbaji wa kaseti anaposhuka, yeye akapanda. Sauti ilimpasuka kule juu, akangoja pumzi irudi, akaendelea mpaka pa mwisho kabisa.

"Hiyo yote ni ya baba yako," alisema. "Mimi nilishika mwanzo tu. Nitayasema haya kwenye maikrofoni, harusi yoyote utakayoniambia."

Yule dada alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya leso. Baba akamnyooshea mkono.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia.