Trombone ya Papa Ngoy

Bandugu, nani anaweza kunielezea hii?

Leo asubui, hapa Likasi, tulifilmer orchestre yetu ya kanisa. Ni video ya kutuma ku concours, mashindano ya kimataifa ya ba chefs d'orchestre vijana, bale banaongozaka muziki na mukono, sawa miye.

Mupiga trombone wetu, Papa Ngoy, tulimuzika juzi. Kwetu, mpaka kilio iishe, trombone ya marehemu inabakiaka ku kiti yake.

Miye, kwa mazoea, nikainua mukono kwa ile kiti, nikamupa ishara aingie mu muziki!

Ba mama ba violon bakainamisha vichwa. Haya ilinishika. Ku ile kiti, hakuna sauti yoyote ilitoka.

Sasa niko naangalia video.

Mukono inapanda. Sauti ya trombone inaingia.

Nitume? Mwisho ni leo.

Na imeingia kwa kuchelewa kidogo, ile kuchelewa nilikuwa namugombezaka Papa Ngoy kila siku.