Siku Niliyouliza Eksi ni Ngapi Mbele ya Wakwe

Aibu niliipata, sikatai, na waliokuwepo siku ile wakiniona sokoni mpaka leo wanaziba midomo kwa kanga, lakini afadhali niwasimulie mwenyewe, maana huko nje mkasa huu umeshatiwa chumvi hadi hauliki (eti nilipanda juu ya jiwe nikahutubia, uongo mtupu, nilisimama chini). Na niseme mapema kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi. Hilo siliombei radhi kwa mtu yeyote.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimeachiwa huru, viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa kandokando ya ziwa, mitumba imejaa mjini, na mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati sekondari, mchana darasani, jioni tuisheni, kwa sababu mshahara peke yake ulikuwa unaishia njiani. Mchumba wangu Deo alikuwa fundi wa mashine za barafu katika kiwanda kimojawapo. Kwao ni Nansio, kisiwani Ukerewe, kwetu ni Igogo, kule mlimani ambako nyumba zimejipenyeza katikati ya mawe makubwa, na uani kwetu kuna jiwe moja refu kuliko paa, ndilo lenye kivuli, ndipo wageni wanapokaa. Siku ya kuzungumza mahari wazee wa Deo walikuja na meli kutoka Ukerewe, wakiongozwa na baba yake mdogo, Mzee Bwire, na walitaka kurudi na meli ya mchana. Deo mwenyewe hakuruhusiwa kufika, aliachwa chini barabarani kwenye kibanda cha soda. Upande wetu msemaji alikuwa kaka yake baba, Baba Mkubwa Masanja. Baba yangu alikaa pembeni anatazama viatu vyake, na mimi nikadhani ni desturi.

Mama alinificha jikoni. "Minza," akaniambia, "leo usitoke, usicheke, na ikiwezekana usikohoe."

Sasa mjue kwamba kwetu mahari haitajwi kama bei ya nyanya. Mtu mzima anazunguka, anapita kwa shangazi, anarudi kwa bibi, na anayesikiliza anajitafutia mwenyewe. Jiko letu lilikuwa la mabanzi, kila neno linaingia, nikamsikia Baba Mkubwa anasema kwa sauti ya kukohoakohoa ya mwenye mali, "Siku hizi ni soko huria, na huyu binti amesoma. Mtatoa mara mbili ya wale ng'ombe waliotolewa kwa mama yake. Halafu kwa kuwa mmesumbuka na meli, tunawapunguzia wanne."

Mzee Bwire akajibu taratibu, "Tumesikia. Lakini sisi tunaomba hivi: wale wa mama yake, mpunguze kwanza wawili, kisha hao watakaobaki ndio tuwatoe mara mbili."

Baba Mkubwa akasema hiyo ni hila ya watu wa visiwani. Mzee Bwire akasema hila ni kumpunguzia mtu mwishoni akiwa ameshachoka. Wakaanza kuvutana, huyu anasema ukipunguza mwanzo ng'ombe wanapotea, huyu anasema ukipunguza mwisho ng'ombe wanafichwa, jua linapanda, sato wanakauka kwenye sufuria, na wala hakuna anayemwuliza mwenzake hao wa mama ni wangapi hasa, maana kuuliza mama mkwe alitolewa nini ni utovu wa adabu. Mwisho nikamsikia Mzee Bwire anamwambia mwenzake watafute viatu, kama mambo ndiyo haya warudi zao Nansio.

Jamani, nilikuwa na miaka thelathini kasoro. Deo nilikuwa nampenda, nasema bila kona. Na hayo waliyokuwa wanagombania yalikuwa somo langu la kidato cha kwanza, la kugeuza maneno kuwa hesabu, ambalo nililifundisha wiki ileile. Nikaokota kipande cha mkaa, nikaandika sakafuni. Usichokijua kiite x. Mara mbili ya x, toa nne. Halafu ya Mzee Bwire: x toa mbili, yote weka kwenye mabano, zidisha kwa mbili. Fungua mabano. Ni kitu kilekile. Wazee wazima walikuwa wanataka kuvunja ndoa yangu kwa sababu ya mabano.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikachukua jagi na beseni, nikajiambia napeleka maji ya kunawa tu (mkaa nikausahau mkononi, au tuseme niliusahau). Nikapiga goti, nikawaamkia, "Shikamooni," wakaitikia "Marahaba" huku wanavaa viatu, na mdomo wangu ukajisemea wenyewe.

"Wazee wangu, samahanini. Mnasema kitu kimoja."

"Minza, rudi jikoni," akasema Baba Mkubwa.

"Mwache aseme," akasema Mzee Bwire. "Kama ni yeye anayeolewa na anajua kuhesabu, tutapungukiwa nini?"

Basi nikageukia jiwe nikaandika, kubwa, kama ubaoni. Mzee Bwire akauliza huyo eksi ni ng'ombe wa ukoo gani, nikamwambia si ng'ombe, ni idadi yao, hata kama hatuijui inatusubiri tu. Akaniambia nijaribu na kumi. Mara mbili ya kumi ni ishirini, toa nne, kumi na sita. Kumi toa mbili ni nane, mara mbili, kumi na sita. Akataka na kumi na mbili. Njia zote mbili, ishirini. Wakatazamana, wakavua viatu, wakaanza kupiga makofi, hata Baba Mkubwa akavimba kifua akasema, "Ndiyo maana nikasema amesoma."

Ningekaa. Kila siku najiambia ningekaa. Lakini mwalimu ni mwalimu, swali lilikuwa halijaisha, na mwanafunzi akiniachia x bila thamani huwa namkata alama.

"Sasa Baba Mkubwa," nikasema, "x ni ngapi?"

Baba Mkubwa akasema mambo hayo yatazungumzwa. Mzee Bwire akasema kwa heshima zote, wamefika mbali, wangependa kujua. Baba alikuwa ameinamia viatu kabisa. Na mimi, badala ya kusoma nyuso zao, nikapaza sauti kuelekea jikoni, "Mama, kwako walitolewa wangapi?"

Mama akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Akamtazama baba, akamtazama shemeji yake.

"Sifuri," akasema. "Kwangu hakutolewa hata kuku. Nilitoroka na baba yako msimu wa pamba, na baba yangu akakataa kupokea chochote mpaka anakufa. Masanja anajua. Alitufungulia mlango yeye."

Nilikuwa sijawahi kuambiwa. Nilijua tu kwamba babu mzaa mama hakuwahi kufika kwetu. Ningetakiwa kutupa ule mkaa, kumkimbilia mama, kuzimia, chochote, lakini mkono wangu umezoea, thamani ikitajwa unaiweka, na kabla sijajizuia ulikuwa umeshaandika kwenye jiwe mbili mara sifuri, toa nne, ni sawa na hasi nne.

Mmoja wa wazee akauliza polepole, "Na hiyo hasi nne maana yake nini, mwalimu?"

Nikajibu (Mungu anisamehe, nilijibu vizuri, na kwa sauti ya darasani), "Maana yake upande wetu ndio utakaowapa ninyi ng'ombe wanne."

Walicheka hadi mmoja akaangukia beseni. Majirani wakajaa juu ya mawe. Shangazi yangu mmoja akatokea, akanivuta kanga ikabaki mkononi mwake, na Baba Mkubwa akachukua fimbo yake akasema kikao kimefungwa, na ndoa imevunjika pia, hawezi kudhalilishwa na mtoto aliyemlea. Nikajua Deo ameshanitoka. Lakini nilisimama palepale, maana kukimbia kungekuwa kukubali kwamba nimekosea hesabu.

Mama hakuondoka pia. "Anayecheka acheke," akasema. "Mimi huyo wa sifuri ndiye niliyewapikia, na ugali uko tayari."

Kicheko kikakatika. Mzee Bwire akajifuta macho, akasimama, akamwendea mama akampa mkono kwa adabu. "Hata aliyenizaa mimi alikuja hivyohivyo," akasema. "Ila sisi kule hatukumwandika kwenye jiwe." Kisha akageuka. "Ndugu yangu Masanja, kaa. Taja idadi ya ng'ombe unaowataka, tule, meli haitungoji."

Walikubaliana kabla ugali haujapoa, na Deo akapelekewa habari akiwa na soda ya nne. Baba Mkubwa hakunisemesha mpaka siku ya harusi, na mimi sikumbembeleza, kwani aliyetaka kumuuza mama kwa bei ya uongo hakuwa mimi.

Mama nilimwomba radhi jioni ileile, tukiwa tunaosha sufuria. Akaniongoza hadi kwenye jiwe akaniambia, "Nionyeshe mimi ni ipi hapo." Nikamwonyesha sifuri. Akaitazama muda mrefu, akaipitishia kidole.

"Imekaa vizuri," akasema. "Haina pa kufungia kamba."

Kwa hiyo naapa, sitauliza tena thamani ya x mbele ya wakwe, wawe wangu au wa mwanangu. Lakini somo lile bado nafundisha, na kila mwaka hakosekani mjuaji wa kuniambia kwamba sifuri maana yake ni hakuna kitu. Huyo simchapi. Namwambia Jumamosi apande Igogo, apite jikoni kwa mama, na akifika aiamkie hiyo sifuri.