Mitungi Iliyoteremka

Mama hajawahi kuielewa kazi yangu, na simlaumu. Akiulizwa sokoni Nyaramba, hujibu kwamba binti yake anakaa Kisii mjini akitazama video. Watu humpa pole.

Ni kweli natazama video. Mimi na wenzangu tulio nchi mbalimbali tunachunguza uhalifu wa kivita kwa kutumia vitu ambavyo mtu yeyote anaweza kuvipata: video za mitandaoni, ramani, picha za setilaiti. Tunathibitisha tukio lilitokea wapi na lini, ili wahusika wakifikishwa mahakamani wakose pa kujificha.

Kuna video moja fupi iliyonitoa jasho. Inaanza na wanawake watatu wakiteremka kilima, mitungi ya maji kichwani. Kisha malori ya wanajeshi yanaingia, kamera inatetemeka, nyumba zinawaka. Kamanda aliyeshtakiwa alidai kikosi chake hakikufika huko, na kwamba video yenyewe ilipigwa nchi nyingine kabisa. Mwanamke mmoja aliyekuwa kambi ya wakimbizi alisema hicho ni kijiji chake. Alimweleza wakili wake kilipo, lakini wakili hakutuambia. Alitaka tukitafute wenyewe. Tukikipata palepale aliposema, nani angemwita mwongo tena? Tukishindwa, video ingeondolewa kwenye jalada, naye angebaki na neno lake tu dhidi ya neno la kamanda.

Nilitafuta juu ya milima yote ya wilaya ambako vita vilipiganwa. Kwetu Wagusii shamba huanza barabarani, juu kabisa: hapo ndipo penye nyumba, chini yake majani chai, kisha migomba, halafu mto. Watu juu, maji chini. Sikuwahi kufikiria kwamba Mungu angeweza kupanga vingine. Kwa kuwa nina hasira za karibu, niliikasirikia setilaiti, nikaukasirikia mtandao, na mwenzangu aliponiandikia kwamba nipumzike, nikamnunia. Nikafunga virago nikaenda nyumbani.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, na katika nyumba ya Wasabato Ijumaa alasiri hakuna mgeni. Kabla jua halijazama chakula kiwe kimepikwa, nguo zimepigwa pasi, maji yamejaa. Mama alinipokea kwa mtungi.

"Sabato inaingia na hatuna maji," alisema. "Weka hiyo kompyuta, enda mtoni."

"Si nipumzike kwanza, Mama?"

"Utapumzika kesho. Hata Mungu alingoja siku ya saba."

Nikashuka nikiubembeza mtungi mtupu mkononi. Kazi ilikuwa kupanda: mtungi kichwani, mkono mmoja ukiushikilia, shingo imenyooka, maji yakinidondokea begani. Katikati ya majani chai ya jirani nikasimama kuhema, na hapo wale wanawake watatu wakanijia akilini. Nao walikuwa wameishikilia mitungi hivyohivyo, shingo zimenyooka, na bega la yule wa mbele lilikuwa limelowa. Mitungi yao ilikuwa imejaa. Lakini wao walikuwa wakiteremka.

Kwao chemchemi ilikuwa juu na kijiji kilikuwa chini. Muda wote huo nilikuwa nimewapandisha watu wa wenyewe kilimani kwa sababu tu mimi ni Mgusii.

Nilimaliza kilima mbio, nusu ya maji nimeyamwaga. Jua lilikuwa linagusa miti ya ng'ambo nilipofungua kompyuta. Mama akaifunga polepole, akaiweka juu ya kabati la vyombo.

"Kuna mtu anateseka, Mama."

"Basi tutamwombea. Kesho jua ikizama utafungua."

Sabato hiyo ilikuwa ndefu, jamani. Lakini nilikuwa na furaha ya ajabu. Niliimba kwa sauti hadi mwanakwaya mmoja akaniuliza kama nimepata mchumba. Mhubiri alipotaja milima, nikacheka peke yangu, na Mama akanifinya.

Jua lilipozama, Mama mwenyewe aliishusha kompyuta. Nikatafuta mabondeni, na chai yangu haijapoa nikakiona kijiji: tangi la saruji, kona ya barabara, njia inayoteremka kutoka chemchemini, vyote kama kwenye video. Picha ya setilaiti ya kabla ilionyesha mapaa. Ya baadaye ilionyesha weusi. Mwenzangu nilimwambia tu atafute mabondeni, maana utaratibu wetu ni kila mtu apate kwa macho yake. Kesho yake akaniletea kijiji kilekile. Nikamsamehe.

Wakili alipolinganisha, palikuwa palepale. Video ikabaki kwenye jalada.

Baadaye alituletea ujumbe wa sauti wa yule mwanamke, pamoja na tafsiri yake. Alisema mwanamke wa mbele ni yeye. Kifuniko cha mtungi kilikuwa kimepotea, ndiyo maana alilowa bega, na alikuwa akimgombeza binti yake aliyekuwa anapiga video badala ya kumpokea maji. Mwishoni mtu wa pili akaangua kicheko karibu na simu. Ni binti huyo, wakili aliandika. Wako pamoja kambini.

Nililia kwa furaha. Nilipoenda nyumbani nikamchezea Mama ule ujumbe na kumsomea tafsiri. Akaomba kusikia kicheko tena, kisha tena.

"Mwambie," akasema, "hata wangu ni hivyo hivyo."