Msonobari wa Baba Ndani ya Chupa

Msonobari alioupanda marehemu baba yangu nyuma ya msikiti wetu, Bongwe, ulianza kukauka kuanzia kileleni. Ndio msonobari pekee mtaani; mingine yote ni mivinje, ingawa wageni huichanganya. Kila masika nilipanda mbegu zake. Nyingi zilikuwa tupu, na chache zilizojaa zilioza udongoni. Ndipo nikasikia kwamba Kamene, binti wa rafiki yangu Mkamba anayelima Shimba Hills, anafanya kazi Kwale kwenye maabara ya kuotesha miti ndani ya chupa.

Nikamwambia mke wangu nitakwenda.

"Tutakwenda," akasema. "Wewe ukiachwa peke yako na wasomi, huanza kuwasomesha."

Baada ya sala ya alfajiri tuliondoka na kikapu cha matunda ya mwisho ya mti ule, yale makavu yenye magamba. Mke wangu alikuwa ameyafukiza udi, kwa kuwa yanakwenda ugenini. Ukunda tukapanda tuktuk, na dereva, kijana wa bara, akanusa.

"Mzee, hizi ni za kula ama ni dawa?"

"Za kula," mke wangu akamjibu. "Anza wewe."

Hakuuliza tena mpaka Kombani, ambako jirani yetu wa zamani mwenye pikapu alitupokea na kutupandisha mlima.

Kwale tulifika jua limeshakolea. Kamene alitoka na koti jeupe. "Shikamoo babu. Shikamoo nyanya." Akaeleza kwamba ndani ya mbegu mna kiini, atakitoa na kukilaza juu ya chakula laini chenye sukari, kinachogandishwa kwa unga wa mwani.

"Mwani huu wa baharini?" nikauliza.

"Huo huo, babu."

Tukaambiwa tunawe hadi kwenye viwiko. Hapo nilikuwa nyumbani. Nilinawa mara tatu tatu kama ninatia udhu, na Kamene akakiri hajapata mgeni anayenawa hivyo. Nikajiona. Kisha tukavaa barakoa, tukaingia.

Ndani ya chumba kile, Kamene alifanya kazi mbele ya kabati la kioo lililokuwa likipuliza hewa bila kupumzika. Alipasua mbegu moja baada ya nyingine kwa kisu chembamba. Tupu. Tupu. Mwishowe alipata viini vitatu tu, vyembamba kuliko punje ya mchele. Kikapuni hapakubaki kitu.

Alipokilaza cha kwanza, chupa ikiwa bado wazi, nilisoma Fatiha kimoyomoyo, nikashusha barakoa, nikainama na kuipuliza, kama tunavyoyapulizia maji ya mgonjwa.

Kamene akaganda na kisu mkononi. "Babu, umefanya nini?"

"Nimeiombea."

"Umeipulizia vijidudu."

"Na hilo kabati? Lapuliza tangu tuingie, wala hamlisemi."

"Hewa yake imechujwa, babu. Yako imetoka kwenye mihogo ya asubuhi."

Mke wangu akatazama ukutani, mabega yakimtikisika. Kamene alibadilisha glavu, akaitenga chupa yangu, na mbili zilizobaki akazishughulikia mimi nikiwa nje ya mlango.

Tukashuka tena hadi Ukunda. "Kiini cha baba mkwe wangu," mke wangu akasema polepole, "umekipa kiamsha kinywa."

Wiki chache baadaye ule mti ulikufa kabisa, tukaukata usije ukaangukia paa la msikiti. Kamene akapiga simu, tukapanda tena Kwale. Chupa niliyoipuliza ilikuwa imeota ukungu mweupe kama ndevu zangu. Ya pili, kimya. Ya tatu ilikuwa na kijiti cha kijani chenye majani ya sindano, kidogo kuliko kucha yangu. Nikamshukuru Mola, barakoa ikiwa mahali pake. Nilijifunza safari ile kwamba Mwenyezi Mungu humsikia hata mtu aliyefunikwa mdomo.

"Tutaukuzia kwanza humu, kisha udongoni, kisha kivulini," Kamene akasema. "Kuupeleka Bongwe ni suala la miaka, babu. Niandike jina la nani kwenye chupa, la atakayekuja kuuchukua?"

Nilikuwa bado nahesabu umri wangu pale mke wangu alipojibu.

"Andika langu. Yeye akijaaliwa uhai, atanibebea kikapu."