Sauti Iliyopanda Kutoka Kisimani

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelalia mabati ya mtaa wa Kimumu, na Wesonga anashusha mshumaa kisimani kabla hajajishusha mwenyewe. Anautazama ukizama ndani ya kopo lake, futi hamsini, mpaka unabaki nukta ya manjano. Hauzimiki.

"Hewa iko," anasema, kisha anajifunga kamba kiunoni.

Wesonga huchimba visima kwa mkono. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akitoka mtaa wa Huruma anakoishi, na sululu yake yenye mpini mfupi, kuwatafutia maji wenye viwanja. Anayemshikia kamba juu ni mkewe, Mildred. Wenzake huajiri vijana, yeye hataki.

"Kijana atakuwa kwa simu," anacheka. "Huyu akiniachilia, atagombana na nani nyumbani?"

"Shindwe!" anajibu Mildred.

Wawili hawa wana mwiko mmoja. Mtu akishajifunga kamba, habari ya kesho haitajwi mpaka atoke, hata iwe ya mvua.

"Ukiwa chini na akili iko kesho, nani anaangalia mshumaa?" anauliza Wesonga.

Mshumaa ukizimika, ujue hewa inakwisha, na mtu avutwe upesi. Kaka yake, Wabuge, hakuuona wake ukizimika. Walimtoa amekufa, huko Chepsaita. Asubuhi ile alikuwa ameshuka akipanga harusi yake.

Kuna jambo jingine, na hapa Wesonga anapunguza sauti. Mara mbili, akiwa chini ya ardhi, amesikia akiitwa kwa jina. Mara zote mbili, alipogeuka, mshumaa ulikuwa unakata roho.

"Nilifikiri ni Wabuge. Wapi! Ni sauti yangu mwenyewe, lakini ya mzee."

Leo mwenye kiwanja, mwenye duka Betty Waceke, amewaletea chai. Ni mama mwenye roho nzuri, na mwiko haujui. Anamwona Wesonga amekaa ukingoni, kamba kiunoni, anamhurumia.

"Kwani Mzee, hii kazi utafanya mpaka lini? Ukizeeka utakula nini?"

"Ai, Mama! Si ungengoja atoke kwanza!" Mildred anashtuka. Anamsihi mumewe afungue kamba, apumzike kidogo. Wesonga anasema hayo ni maneno tu, anashuka.

Ndoo ya kwanza ya udongo inapanda. Ya pili pia. Ya tatu haiji. Mildred anaita, kimya. Anachungulia autafute mshumaa, lakini mgongo wa mumewe umeuziba.

Ndipo sauti inapopanda. Ni ya kiume, nzito, imekwaruzika kwa uzee, na inamwita Mildred kwa jina la kifungua mimba wake, kama anavyoitwa nyumbani.

"Mama Nangila. Vuta."

"Ngai!" Waceke anapiga yowe, chai inammwagikia miguuni. Nywele zinawasimama wote wawili. Lakini Mildred tayari anazungusha mtambo wa kuvutia kamba, na Waceke anarukia mpini wa upande wa pili. Wanavuta huku wakilia, na hakuna anayethubutu kutazama chini aone ni nani anayepanda.

Ni Wesonga. Midomo imemkauka, wanamlaza chini. Mshumaa ulizimika na hakuuona. Wanampepea kwa leso mpaka anafungua macho.

"Baba Nangila, ulituita na sauti gani ile?" anauliza Mildred.

"Mimi? Sikuita mtu. Nilikuwa nafikiria nitakula nini nikizeeka."

Hakuna anayecheka. Kisima kiko pale pale, cheusi, na wote watatu wanasogea mbali nacho kidogo. Waceke anaomba msamaha, anarudia, anaomba tena.

Wesonga anamtuliza. Kamba imefunguliwa, anasema, kwa hiyo swali lake sasa anaweza kulijibu.

"Nataka kuzeeka, Mama. Nizeeke mpaka hili koo litoe ile sauti. Kuna mtu huko chini, mimi wa leo, natakiwa kumwitia msaada. Nisipofika uzeeni, nani ataita?"

Anataka kuendelea, aseme habari za shamba na ng'ombe wa uzeeni. Mildred anamimina chai iliyobaki, anamshikisha kikombe.

"Kunywa," anamwambia. "Ingali moto."

Wesonga anaacha habari za ng'ombe, anakunywa.