Mzee Zenon na Foleni ya Pesa za Kulelea Mtoto

Katika mji mzima wa Krosno, huko Polandi, hakukuwa na mwanamume aliyejua kupanga foleni kama Mzee Zenon, na kama alikuwepo basi alisimama nyuma yake. Hivyo ndivyo alivyojisifu mwenyewe, na tusimbishie, maana mambo ya kweli aliyojisifia katika maisha yake ni machache na hili ni mojawapo. Alipanga foleni ya nyama enzi zile bucha lilipokuwa na ndoano tupu na muuzaji mnene. Alipanga foleni ya mashine ya kufulia akarudi na jokofu, akaapa kwamba jokofu ndilo alilokuwa akilitaka tangu utotoni. Hata mkewe, Danuta, alimpata kwenye foleni: alikuwa mbele yake siku ya kugombania viatu. Viatu vikaisha, akabaki Danuta.

Sasa alikuwa amestaafu kazi ya reli, alikokuwa akiunganisha mabehewa. Danuta yeye alikuwa Ujerumani akimtunza mzee mmoja wa huko kwa mshahara, kama walivyofanya wanawake wengi wa mtaa wao. Nyumbani wakabaki Zenon, binti yake Kinga, na mtoto wa Kinga aitwaye Tosia, mwenye mwaka na ushei, meno machache na sauti ya king'ora cha treni. Baba yake Tosia alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Mtoto alimwona zaidi kwenye simu kuliko alivyomwona mezani.

Kinga alikuwa fundi wa kuchonga maua kwenye glasi katika kiwanda cha vyombo vya kioo, na likizo yake ya uzazi ilikuwa imekwisha. Wiki ile msimamizi wake alimpigia akamwambia wazi: Jumatatu usipokaa kwenye kiti chako, atakaa mwingine. Vituo vya kulelea watoto vilikuwa vimejaa. Yaya wa kulipwa alitaka karibu nusu ya mshahara. Ilisemekana, hata hivyo, kwamba serikali inawapa pesa kila mwezi wazazi wenye mtoto mdogo kama huyo, wakiwa kazini wote wawili, wamlipe anayewashikia.

Basi Alhamisi jioni, juu ya supu nyekundu ya bitiruti, Kinga akaweka kijiko chini.

"Baba, nataka tuongee habari ya Tosia."

Zenon alijua treni hiyo inaelekea stesheni gani. Majuzi tu Kinga alikuwa ameenda kung'oa jino akamwachia mtoto, na mtoto akalowa. Zenon alimning'iniza mbele yake kwa mikono iliyonyooka kama mtu aliyebeba taa yenye mafuta yanayovuja, akashuka naye ngazi mpaka kwa Bi Gienia, jirani wa chini, akasema anaomba chumvi. Bi Gienia alimbadilisha mtoto nepi, akampa na chumvi, na kufikia jioni jengo zima lilikuwa na habari.

Kwa hiyo hakumwacha binti yake amalize.

"Hiyo pesa ya serikali niachie mimi."

"Baba, sio pesa ninayo—"

"Niachie, nimesema! Nyinyi vijana mnajua simu, ofisi hamzijui. Ofisi ina mlango, mlango una foleni, na foleni ina mtu wa kwanza. Kesho jioni nakuletea yaya anayelipwa na serikali."

Akainywa supu iliyobaki kwa mkupuo, akaenda kutafuta soksi nene.

Ijumaa alfajiri, baridi ya Novemba ikiuma masikio, Zenon alikuwa mlangoni pa ofisi ya pensheni na malipo ya serikali, na kiti chake cha kukunja, chupa ya chai, pakiti ya kahawa na boksi la chokoleti zile zenye cheri ndani. Msishangae hizo kahawa na chokoleti. Zama zake karani alikuwa mashine, na mashine bila mafuta haizunguki.

Akaja mama mmoja mwenye kofia ya manyoya. "Nani wa mwisho?" akauliza, kama inavyotakiwa.

"Mimi ndiye wa kwanza na wa mwisho, mama. Simama nyuma yangu, hutajuta."

Wakaja wengine, karibu wote wastaafu wenye shida za pensheni. Zenon akajipa ukubwa. Huyu akamsogeza, yule akamrudisha, mwingine akamkaripia kwa kuegemea ukuta. Babu mmoja mwenye ndevu alipouliza kwa nini wote wamewahi hivyo, Zenon akashusha sauti: "Hapa wanahudumia kumi tu kwa siku." Jambo hilo alilibuni hapo hapo, na mlango ulipofunguliwa alikuwa ameshaliamini mwenyewe.

Karani alikuwa msichana wa rika la Kinga, kucha zake za rangi ya samawati. Zenon akaweka boksi la chokoleti juu ya meza, akalisukuma kwa kidole kimoja, na akamkonyeza.

"Hii nini, mzee?"

"Si kitu, mwanangu. Imeanguka tu kutoka mfukoni."

"Una mfuko mkubwa. Naomba uiokote."

Zenon akaiokota. Kahawa hakuthubutu hata kuitoa. "Nimefuata ile pesa ya kulelea mtoto. Ya binti yangu."

"Binti yuko kazini?"

"Ataanza Jumatatu, akipata mtu wa kumshikia mtoto. Na mtu tutampata mkitoa pesa."

"Tunawapa wazazi walio kazini, mzee. Aanze kwanza. Akishaanza, ataomba mwenyewe kwa simu yake, maana maombi hayo hapa dirishani hatuyapokei. Hata foleni haihitajiki."

"Haihitajiki?" Hapo ndipo palipomuuma. Angeambiwa pesa imekwisha angevumilia. Viatu navyo viliisha.

Babu mwenye ndevu akachungulia juu ya bega lake. "Samahani, binti, ni kweli mnahudumia kumi tu?"

"Nani kasema?"

Macho yote ya foleni yalitua kwenye kisogo cha Zenon. Akahisi kisogo kikipata joto, mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Sasa, mwanangu," akasema kwa sauti iliyopungua ukubwa, "nyinyi mnamngoja yeye aanze, na yeye anawangoja nyinyi. Mtoto tumtundike wapi Jumatatu?"

"Kwani nyumbani hakuna mtu?"

"Hakuna. Mke wangu yuko Ujerumani."

"Na wewe?"

"Mimi nipo."

"Basi yupo mtu."

"Mimi ni mtu wa reli!"

"Si umestaafu? Babu anaruhusiwa, mzee, na hiyo pesa binti yako anaweza kukulipa wewe. Wapo wengi wanaofanya hivyo."

"Mpeni nepi huyo!" akapaza sauti mama wa kofia ya manyoya. "Kanigandisha miguu bure!" Foleni nzima ikaangua kicheko, foleni aliyoipanga kwa mikono yake mwenyewe.

Njiani alikaa kituo cha basi, akafungua kiti chake ingawa benchi lilikuwepo, akampigia Danuta. Alitaraji kupozwa.

"Zenon," Danuta akasema, "mimi hapa mzee wa watu namvua suruali kila asubuhi. Wewe unaogopa damu yako, kitu cha uzito wa ndoo ya maji?"

"Simwogopi yeye. Namwogopa akiwa amelowa."

"Mabehewa ulikuwa huyaogopi."

"Behewa halipigi mateke. Na likipata shida unamwita fundi."

"Ulimwita. Bi Gienia amenisimulia, mpaka ile chumvi." Akakata simu.

Zenon akabaki akijiangalia kwenye kioo cha kituo: mwanamume aliyepita katikati ya mabehewa mawili yanayosogea bila kupepesa jicho, sasa anakimbia kitambaa chenye gundi pembeni. Kwenye kioo masharubu yake yalikuwa bado ya shujaa, ila aliyevaa masharubu hayo alimtia shaka. Akayacheka, akapanda basi.

Alimkuta Kinga amesimama dirishani na Tosia kiunoni, simu mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nampigia msimamizi," akasema. "Nimwambie kile kiti ampe mwingine."

"Weka simu chini. Yaya nimemleta."

Kinga akachungulia nyuma yake. Ngazi zilikuwa tupu. "Yuko wapi?"

"Amesimama hapa mlangoni na boksi la chokoleti. Hana uzoefu, ana kiburi, na majirani hawamsemi vizuri. Ila saa za asubuhi anaziweza."

Kinga hakucheka mara moja. Alimtazama kwanza, kama fundi anavyoinua glasi kwenye mwanga kutafuta ufa. "Baba, hilo ndilo nililotaka kukuomba jana kwenye supu."

"Nilijua. Ndiyo maana niliimaliza haraka."

Jumamosi na Jumapili zikawa siku za mafunzo. Nepi ya kwanza ilikaa mbele nyuma. "Kwa behewa ni sawa tu," Zenon akajitetea, "linakwenda pande zote." Ya pili ilimbana yeye kidole. Ya tatu ilishika, akataka ipigwe picha atumiwe Danuta, akatumiwa.

Jumatatu Kinga aliondoka kungali giza. Alirudi mara mbili kutoka kwenye ngazi, mara ya kwanza kwa ajili ya skafu, mara ya pili bila sababu. Zenon akamfungia mlango. Baadaye kidogo Bi Gienia akagonga, akauliza kama kuna anayehitaji chumvi.

"Siwezi kukufungulia, mama," akajibiwa kwa ndani. "Niko kazini."

Wakati wa chakula cha mchana Kinga akapiga simu, mashine za kiwanda zikinguruma nyuma yake. "Kiti changu nimekikuta, Baba. Na ile pesa nimeshaiomba kwa simu, huku natafuna mkate."

"Na foleni?"

"Hakuna foleni."

"Maskini," akasema Zenon, na alimaanisha.

Kisha akarudi kazini. Tosia alikuwa ameketi kwenye poti lake la kujisaidia katikati ya chumba, na Zenon alikuwa mbele yake kwenye kiti cha kukunja, wa kwanza na wa mwisho. Walikuwa wamekaa hivyo muda mrefu na hakuna huduma iliyotoka. Tosia alimkazia macho yale yale ya karani. Zenon akatazama mlango, akahakikisha umefungwa, akatoa biskuti mfukoni, akaisukuma taratibu kwa kidole kimoja.

Tosia hakuirudisha.